Chipu Ikae Wapi? Hotuba kwa Wabunifu wa Pakeji

Walimu wetu, wahandisi wenzangu, na ninyi vijana mlioacha kompyuta zenu kuja kusikiliza, habari za asubuhi.

Tupatane kwanza juu ya maneno, maana katika kazi hii neno moja likienda mrama, fedha nyingi hulifuata. Nikisema chipu, nina maana ya kipande cha silikoni chenyewe, kitupu, kama kilivyokatwa kutoka kwenye weifa, yaani ile sahani nyembamba ya silikoni yenye chipu nyingi. Kile kidude cheusi chenye maandishi mnachokiona ndani ya simu si chipu. Ni pakeji, na chipu imo ndani yake, wakati mwingine moja, wakati mwingine tisa. Humo ndani kuna ubao mwembamba wenye tabaka za shaba: juu yake chipu hukaa, chini yake hutoka vitufe vya lehemu. Huo nitauita ubao. Ile kubwa ya nje, inayobeba pakeji zote, nitaiita bodi.

Mada yetu ni kuweka. Kwenye programu ya ubunifu, kuweka chipu ni kazi ya sekunde tatu: unaikamata kwa kipanya, unaiburura, unaiacha. Programu inakuonyesha utando wa mistari iliyonyooka kutoka kila padi, yaani kile kipande kidogo cha chuma juu ya chipu cha kuunganishia, hadi kila kitufe, nawe unaisogeza chipu mpaka utando uonekane mfupi na usiosokotana. Hapo wengi huridhika. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba mahali pa chipu huamuliwa zaidi na vitu ambavyo skrini haivionyeshi: gundi inayotambaa, sindano inayoshuka, plastiki ya moto inayopita, na silikoni inayokataa kutanuka pamoja na ubao ulio chini yake.

Kazi hii haihitaji chumba kisicho na vumbi wala mitambo ya mabilioni. Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayotengeneza silikoni hapa hapa kwetu, lakini hata asiye na kiwanda kama hicho anaweza kubuni pakeji akiwa na kompyuta, programu na kanuni za kiwanda kitakachounganisha. Hizo kanuni ndizo nusu ya hotuba hii.

Kabla ya kuweka chochote, mjue mnachokiweka. Jedwali la padi hutoka kwa aliyebuni silikoni, na lina njia tatu za kuwapotosha.

Ya kwanza ni ukubwa. Kipimo kilicho kwenye mchoro wa silikoni si kipimo cha kipande kitakachofika kiwandani. Kati ya chipu na chipu kwenye weifa kuna njia ya msumeno, tuseme mikroni 80 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Msumeno ukila 40, zinabaki 20 kila upande, na chipu yako inakuwa pana kwa mikroni 40 kuliko mchoro. Ni kidogo, lakini ukiwa umebana nafasi hadi mwisho, kidogo hicho ndicho kinachokosekana.

Ya pili ni kupunguzwa. Baadhi ya teknolojia za silikoni huchorwa kwa ukubwa mmoja, kisha kiwanda huzipunguza kwa macho ya lenzi hadi asilimia 90. Padi zilizochorwa kwa hatua ya mikroni 77.8, yaani umbali kutoka katikati ya padi moja hadi katikati ya inayofuata, hutoka zikiwa kwenye hatua ya 70. Jedwali lisiposema kama namba zake ni za kabla au za baada ya kupunguzwa, msikisie. Lirudisheni kwa mwenyewe na ajibu kwa maandishi.

Ya tatu ndiyo muuaji: uelekeo. Je, chipu inatazamwa ikiwa imelala chali, padi zikiangalia juu, au kifudifudi, padi zikiangalia ubao? Nukta ya sifuri iko katikati ya chipu au kwenye pembe ya chini kushoto? Nitairudia hii mwishoni, maana ndiyo inayotupa kazi ya miezi mingi.

Sasa tuchukue mfano wenye namba, kwa kuwa bila namba tunabaki tunahubiri. Pakeji ni ya milimita 12 kwa 12. Chini ina vitufe kwa hatua ya milimita 0.8, safu 14 kwa 14, jumla 196. Ndani tunataka prosesa ya milimita 5 kwa 5, imelala chali, yenye padi 60 kila upande kwa hatua ya mikroni 70, pamoja na chipu ya memori ya milimita 3 kwa 2 na kapasita chache, vile vifaa vidogo vya kutunza umeme. Padi 240 kwa vitufe 196 zisiwashangaze. Padi nyingi za umeme na za gandi, yaani njia ya umeme kurudi, hukutana kwenye pete za shaba ubaoni kabla ya kushuka.

Swali la kwanza ambalo kila mtu hujiuliza: memori ikae pembeni ya prosesa au juu yake? Pembeni ni rahisi na pana baridi zaidi. Basi tupime kama inawezekana.

Tuanze na gundi. Epoksi yenye unga wa fedha hudondoshwa ubaoni, mashine ikaikandamiza chipu juu yake. Chini hubaki tabaka la mikroni 20 hadi 30, na iliyozidi hutoka pembeni ikapanda kidogo ukuta wa chipu. Kilima hicho kidogo kinatakiwa, maana pasipo nacho kingo hubanduka. Lakini kikipita robo tatu ya unene wa chipu, siku moja kitafika juu, kitafunika padi na kuleta shoti. Tena kuna jambo lisiloonekana kwa macho: ute wa epoksi hujitenga na unga wa fedha, ukatambaa juu ya ubao kama mafuta kwenye karatasi. Kidole cha shaba kilichopakwa ute huo hakishiki waya. Vidole ndivyo tunavyoviita vile vipande vyembamba vya ubaoni ambapo ncha ya pili ya waya hushonwa. Kwa sababu ya ute, anzeni na milimita 0.5 kutoka ukingo wa chipu hadi kidole cha kwanza. Mkitumia gundi ya utepe badala ya ya majimaji mnaweza kusogea karibu zaidi, kama kiwanda chenu kitakubali.

Kidole kina urefu wa milimita 0.3. Kutoka kwenye kidole au kapasita hadi ukingo wa pakeji tuache 0.5, maana pakeji nazo hukatwa kwa msumeno. Haya, tujumlishe kutoka kushoto kwenda kulia. Ukingo 0.5, vidole 0.3, nafasi ya gundi 0.5, prosesa 5.0. Halafu katikati ya chipu mbili: nafasi 0.5, vidole 0.3, pengo 0.2, vidole vya memori 0.3, nafasi 0.5. Memori 2.0. Nafasi 0.5, vidole 0.3, ukingo 0.5. Jumla milimita 11.4. Tuna 12. Inaingia! Mwanafunzi anafurahi, anahifadhi faili, anaenda kunywa chai.

Asiende bado. Tutazame pembe za waya. Padi 60 kwa hatua ya mikroni 70 zinachukua milimita 4.13. Lakini ubao hauwezi kuchorwa kwa wembamba wa silikoni: kidole na pengo lake vinahitaji mikroni 140 hivi, kwa hiyo vidole 60 katika safu moja vinachukua milimita 8.26. Waya wa katikati unakwenda moja kwa moja. Waya wa mwisho unatoka kwenye padi iliyo milimita 2.07 kutoka katikati, unakwenda kwenye kidole kilicho 4.13. Unapaswa kukimbia upande kwa zaidi ya milimita 2, huku mbele una milimita 0.75 tu kutoka padi hadi katikati ya kidole. Hiyo ni pembe ya nyuzi 70. Viwanda vingi huishia 45, na wana sababu: waya ulioinama kiasi hicho hupita juu ya padi ya jirani, na plastiki ikiusukuma kidogo tu, unagusa waya wa jirani.

Kwa hiyo kuvivuta vidole karibu na chipu, jambo ambalo mistari ya kwenye skrini inakushawishi ufanye, ndiko kulikoharibu. Dawa ni mbili. Ama usogeze safu hiyo mbali hadi milimita 2.07 kutoka kwenye padi ili pembe ifike 45, na waya wa pembeni utakuwa na urefu wa karibu milimita 3. Ama ugawe vidole katika safu mbili zilizopishana, ya kwanza ipokee waya za padi shufwa na ya pili za padi witiri. Hapo kila safu ina vidole 30 kwa 140, urefu unalingana na wa padi, na waya zinakwenda karibu wima kutoka kwenye ukingo. Mimi ningechagua safu mbili bila kusita.

Lakini safu ya pili inataka 0.3 yake na pengo la 0.2 mbele yake, kila upande wa prosesa. Ongezeni 0.5 kushoto na 0.5 kulia: 11.4 imekuwa 12.4. Haiingii tena.

Namba hizi zote zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzijumlisha kabla ya kuburura.

Basi memori inapanda juu ya prosesa. Prosesa inarudi katikati kabisa ya ubao, jambo ambalo lina faida yake nitakayoieleza. Juu yake memori ya 3 kwa 2 inaacha milimita 1.0 upande mmoja na 1.5 upande mwingine hadi ukingo wa prosesa, nafasi ya kutosha kwa padi za chini kubaki wazi. Hapa gundi ya majimaji isitumike. Ikimwagika inazama kwenye padi za prosesa. Tumieni utepe wa mikroni 20.

Kwa mpango huu tuchague memori yenye padi kwenye kingo zake fupi, yaani kwenye ncha za ule urefu wa milimita 3. Kutoka padi hadi safu ya pili ya vidole ni takriban milimita 2.25. Kama padi zingekuwa kwenye kingo ndefu, ingekuwa 2.75, nusu milimita zaidi ya waya kwa kila muunganisho. Kanuni ya kukumbuka: waya wa kipenyo cha mikroni 20 unaanza kulegea ukipita mara 100 ya kipenyo chake, yaani milimita 2, na ukifika mara 150 uwe na sababu nzito. Kwa hiyo 2.25 inakubalika kwa uangalizi, na 2.75 ni ya kuombea.

Waya za juu zipite juu ya za chini kwa pengo linaloonekana. Tujumlishe kimo: gundi 25, prosesa 150, utepe 20, memori 100, upinde wa waya 120. Mikroni 415. Plastiki ya kufunika ikiwa na unene wa milimita 0.7, tunabaki na 285 juu ya waya wa juu kabisa. Zinatosha kwa plastiki kupita na kwa leza kuandika jina la pakeji bila kuchoma waya.

Kuhusu joto, memori sasa imekaa juu ya jiko. Kama ingekuwa memori ya aina ya DRAM, mjue kwamba juu ya nyuzi 85 data yake inatakiwa kuandikwa upya mara mbili zaidi, na hiyo inakula umeme na muda. Kwa memori ya flashi, joto la kudumu hupunguza muda wa kutunza data. Prosesa ya wati chache haina neno. Prosesa ya wati 15, rudini mkaombe pakeji kubwa zaidi.

Mashine ya kuweka chipu nayo ina makosa yake. Chukueni mikroni 25 kwa kila mwelekeo, na mzunguko wa hadi nyuzi 1. Nyuzi moja inasikika kama si kitu. Kwenye chipu ya 5 kwa 5, pembe iko milimita 3.54 kutoka katikati. Izungushe nyuzi moja, pembe imehama mikroni 62. Karibu nusu ya ile njia ya kwenda kidole cha pili! Kwa hiyo wekeni alama za kulenga ubaoni, mbili kwenye pembe zinazokabiliana, zisifunikwe na rangi ya kijani wala zisifanane na kidole kilicho karibu. Kamera ya mashine haina akili ya kutofautisha.

Halafu sindano. Waya hupita katikati ya sindano ya kauri yenye umbo la koni: ncha ni nyembamba, juu inanenepa. Ikishuka kushona kidole kilicho karibu na kapasita, ncha itapita salama lakini kiuno chake kitagonga. Kapasita ya milimita 0.6 kwa 0.3 ina kimo cha milimita 0.3 hivi, mara mbili ya prosesa yetu. Acheni 0.5 kati ya safu ya pili na kapasita. Msiibane hiyo kupata nafasi ya kapasita moja zaidi.

Kuna mtego kwenye kapasita unaostahili dakika yake. Majina ya vipimo yako ya aina mbili, ya inchi na ya milimita, na yanafanana. Kapasita iitwayo 0402 kwa inchi ni milimita 1.0 kwa 0.5. Iitwayo 0402 kwa milimita ni 0.4 kwa 0.2, ambayo kwa inchi inaitwa 01005. Vivyo hivyo 0201 ya inchi ni 0.6 kwa 0.3, na 0201 ya milimita ni 0.25 kwa 0.125. Mbunifu akiandika 0402 tu, na mnunuzi akasoma kwa mfumo mwingine, mtapata mikanda elfu ya kapasita zisizofika kwenye padi zao. Andikeni urefu na upana kwa milimita kwenye orodha ya vifaa, kila mara, hata mkionekana washamba.

Na kapasita zikae wapi? Kazi yake ni kumpa chipu umeme wa haraka anapoamka ghafla. Waya wa milimita moja una takriban nanohenri 1. Mkondo ukipanda miliampia 100 ndani ya nanosekunde 1, unapoteza volti 0.1 kwenye milimita hiyo moja. Chipu ya volti 1 imeshapoteza sehemu ya kumi. Ndiyo sababu kapasita hukaa mkabala na padi za umeme, ncha yake moja ikigusa pete ya umeme na nyingine pete ya gandi, kila ncha na tundu lake la kushuka kwenye tabaka la chini. Kapasita nzuri yenye tundu moja la kukopa mbali ni mapambo.

Sasa kalibu. Plastiki nyeusi huingia ikiwa ya moto, karibu nyuzi 175, kutoka kwenye lango la kalibu, ikaenea juu ya waya zote. Waya zinazokatisha mkondo wake husukumwa. Zinazofuata mkondo hupona. Ulizeni kiwanda lango liko pembe ipi, na waya zenu ndefu, kama zile 2.25 za memori, zisielekee kukatisha mkondo huo ikiwa mnaweza kuchagua. Nyuma ya kapasita ndefu plastiki hukutana na kufungia hewa. Na chini ya kapasita, kwenye lile pengo la mikroni kadhaa kati yake na ubao, plastiki isipoingia hubaki shimo. Pakeji inapokwenda kwa mteja na kuingia kwenye tanuri tena, lehemu isiyo na risasi huyeyuka karibu nyuzi 217, inapanuka, inatafuta pa kwenda, inapenya kwenye shimo hilo na kuunganisha ncha mbili za kapasita. Shoti, ndani ya pakeji iliyopita majaribio yote. Dawa yake ni kufungua rangi ya ubao chini ya kapasita ili plastiki ipate mfereji wa kupita.

Nimechelewa kwenye chipu iliyolala chali. Ile ya kifudifudi nayo inangoja. Hapa padi hubeba vinundu vya lehemu na chipu inageuzwa uso ubaoni. IBM walianza njia hii miaka ya 1960. Haina waya wala vidole, na vinundu vinaweza kujaa eneo lote la chipu, kwa hatua ya mikroni 150 hivi, au chini sana vikiwa nguzo za shaba. Ina rehema moja: ikiwa chipu imewekwa na kosa dogo, lehemu inapoyeyuka huivuta yenyewe hadi mahali pake.

Lakini silikoni hutanuka sehemu 3 kwa milioni kwa kila nyuzi, na ubao wa kawaida karibu 17. Chukueni chipu ya milimita 20 kwa 20. Kinundu cha pembeni kiko milimita 14.1 kutoka katikati. Kutoka nyuzi 220 lehemu inapoganda hadi 25, tofauti ni 195. Zidisheni: ubao unasinyaa mikroni 38 zaidi ya chipu pale pembeni. Kinundu chenyewe kina kimo cha mikroni 70 au 80. Kwa hiyo pembe ndizo zinazokufa kwanza. Msiweke ishara muhimu kwenye vinundu vya pembeni. Wekeni gandi, au vinundu visivyo na kazi. Na chini ya chipu hujazwa gundi maalumu ya kugawana mzigo huo.

Gundi hiyo nayo inataka nafasi. Humiminwa upande mmoja na kuvutwa chini ya chipu kama maji kwenye kitambaa. Upande wa kumiminia acheni milimita 2 hadi 3 bila kifaa chochote, pande nyingine takriban 1. Mkiweka kapasita ndani ya eneo hilo, gundi humezwa na kapasita badala ya kwenda chini ya chipu, na mnabaki na mapovu hasa pale pembeni mlipohitaji gundi zaidi. Ninyi ndio mtakaoamua upande wa kumiminia, kwa hiyo uandikwe kwenye mchoro.

Kapasita zikikosa nafasi juu, zinaweza kukaa chini ya ubao, upande wa vitufe, chini kabisa ya chipu, ambako njia ya umeme ni fupi zaidi. Gharama yake ni vitufe mnavyoviondoa kupisha, na kimo: kapasita iwe fupi kuliko kitufe baada ya kuyeyuka na kushuka, si kabla.

Chipu zikiwa nyingi, kuweka kunaanza kuamuru silikoni yenyewe. Tazameni prosesa za AMD EPYC za 2017. Pakeji moja ilikuwa na chipu nne zinazofanana, kila moja ikizungumza na nyingine tatu. Kila chipu ingehitaji milango mitatu ya mawasiliano. AMD waliweka minne, na mmoja haukutumika katika kila chipu, kwa sababu tu kuwa na chaguo la mlango kulizuia njia za ubaoni zisikatizane. Walitumia silikoni ya bei ghali kuokoa njia za ubao. Kisha 2019 wakageuza mpango: chipu moja kubwa ya mawasiliano katikati, chipu 8 ndogo za hesabu pembeni. Zile za mbali zaidi na katikati, njia zake zikalazimika kupita chini ya zile za karibu, zikigombania nafasi na umeme wa hizo za karibu. Uamuzi wa nani akae mbali si wa mwisho wa mradi. Ufanywe wakati mbunifu wa silikoni bado anaweza kuhamisha milango yake.

Nilisema prosesa kukaa katikati kuna faida. Ubao na plastiki na silikoni husinyaa kwa viwango tofauti, na pakeji hubenuka kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango. Chipu ikiwa katikati, inabenuka sawasawa pande zote na kiwanda kinajua namna ya kuifidia. Chipu ikihamia upande, ule mpango wetu wa kwanza wa pembeni ungeihamisha milimita 1.9, pakeji hubenuka kwa mshazari, pembe moja huinuka, na vitufe vya pembe hiyo havigusi lehemu ya bodi. Kama lazima chipu ziwe mbili, zilinganisheni uzito kwenye ubao, na shaba ya tabaka za juu na za chini ikaribiane kwa eneo. Pia mjue kwamba kwa chipu iliyolala chali, vitufe vinavyochoka haraka ni vile vilivyo moja kwa moja chini ya ukingo wa chipu, si vya pembe ya pakeji. Chipu ikihama, mstari huo wa hatari unahama nao.

Nirudi kwenye uelekeo, kama nilivyoahidi. Chipu inapogeuzwa kutoka chali kwenda kifudifudi, kulia kunakuwa kushoto. Programu itafanya hivyo ikiwa umeiambia. Tatizo ni kwamba aliyetuma jedwali huenda alishaligeuza yeye mwenyewe kwa wema wake, na wewe ukaligeuza mara ya pili. Programu haitalalamika, kwa sababu kila padi ina jina na kila jina lina njia. Ukaguzi wa programu unalinganisha mchoro wako na jedwali lako, na vyote viwili vimekosea kwa pamoja. Utagundua siku chipu ya kwanza ikiwashwa na kupata moto.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, mtu ambaye hakuchora achague padi tatu, afungue mchoro wa silikoni wenyewe, si jedwali, na azifuate kwa mkono hadi kwenye kitufe. Zisiwe za umeme wala za gandi, kwa kuwa hizo hupangwa kwa ulinganifu na huficha kosa. Na mbili hazitoshi: ukigeuza chipu kwa kuzunguka mstari unaounganisha padi mbili, zote mbili hubaki pale pale zilipokuwa. Ya tatu iwe nje ya mstari huo, na mbali nao.